Rimoti Kwenye Taulo

Msimamizi wa kiwanda cha mikate alikuwa na mtoto mmoja tu, wa kike, na mtoto huyo alimwita Bosi. Hakumwita hivyo kwa utani. Alimwita kama walivyomwita watu wa kiwandani, kwa sauti ya mtu anayeomba ruhusa ya kwenda msalani. "Bosi, chakula kiko mezani." "Bosi, mama anauliza kama unarudi kulala." Wageni waliofika nyumbani walicheka, wakasema mtoto huyu ana vituko. Mama yake hakucheka.

Jina hilo halikuanguka kutoka mbinguni. Siku ya tamasha la shule, binti alivaa gauni jipya la njano lenye mikono ya kupuliza, akasimama mlangoni kumsubiri baba yake, ambaye alikuwa ameahidi kuja na kama kawaida hakuja. Mama akampiga picha, akamtumia baba ili angalau aone. Sasa, saa hizo baba alikuwa anapokea picha za mikate mfululizo, maana hakuna trei iliyotoka kwenye oveni bila kupigwa picha, na hakuna picha iliyopigwa bila yeye kuitolea kauli. Jibu lilikuja upesi kuliko siku zote: "Imepauka. Rudisha ndani kidogo."

Mtoto alikuwa ameshajua kusoma. Akalisoma jibu, akarudi ndani, akakaa kitandani na gauni lake. Alipotoka alikuwa na jina jipya la kumwita baba yake. Baba aliomba radhi, tusimsingizie. Aliomba kwa ujumbe wa simu.

Watu wengine wangemwona ni mtu mbaya, lakini hakuwa mbaya, alikuwa na mikate tu. Alianza kazi akiwa kijana wa kubeba magunia ya unga, akapanda hadi kwenye kukanda, akapanda hadi kwenye oveni, na alipopewa ofisi yenye kiti cha kuzunguka akaingiwa na hofu kwamba huko nje, nyuma ya ule mlango, mikate itaharibika kwa kukosa macho yake. Ndipo akaanzisha utaratibu wa picha. Wapishi walipiga picha, wakaituma kwenye kundi lao la simuni, wakasubiri. Akisema "sawa", trei inakwenda kufungashwa. Akisema "rudisha", inarudi ndani. Aliwajibu akiwa ofisini, akiwa kwa kinyozi, akiwa msibani, na wakati mmoja akiwa amesimama nao hatua chache kutoka kwenye oveni yenyewe. Simu yake haikuwa na namba ya siri ya kuifungulia. Alimwambia mkewe kwamba haihitaji, kwa sababu ndani hamna siri, mna mikate. Mkewe akasema hilo ndilo linalomuuma zaidi.

Mke huyo alikuwa muuguzi wa wodi ya wazazi. Kazini kwake watu walikuwa wanazaliwa, na bado aliweza kuacha simu kabatini. Siku moja alikaa mbele ya mumewe, akamsubiri amalize kujibu trei.

"Nimeomba likizo, na wewe nimekuombea," alisema. "Tunakwenda ziwani wiki nzima, sisi watatu. Simu zinabaki. Yangu inabaki, yako inabaki. Mama atakuja kukaa na nyumba."

"Na mikate?"

"Mikate itaokwa."

"Na mtu akitutafuta?"

"Mtu akifa, mama anajua tuliko. Asipokufa, atasubiri." Kisha akashusha sauti. "Baba wawili hatuna humu ndani. Kila siku namwambia huyu mtoto baba yako anakupenda. Juzi ameniuliza nimejuaje. Nimekaa nikitafuta cha kumwambia, nimekosa. Sitakutetea tena. Ukirudi kutoka huko bado anakuita Bosi, basi wewe ni bosi wake, na mimi sina la kuongeza."

Msimamizi aliogopa, na hofu hiyo ilikuwa ya kweli kuliko hofu zake zote za mikate, na kwa dakika nzima aliamini kabisa kwamba angeiacha simu.

Asubuhi ya safari aliiweka juu ya friji mbele ya mashahidi. Mama mkwe alikuwepo, mama mwenye mwili wake na miwani yake ya kufungwa kwa kamba, aliyekwisha kuvua viatu na kuchagua kochi lake mbele ya televisheni. Mke alikuwepo. Binti alikuwepo, akitazama kama mtu anayetazama mchezo wa karata. "Haya," alisema msimamizi, akaipigapiga ile simu kama mtu anayeagana na ng'ombe. Wakatoka kupakia mizigo.

Akarudi peke yake, eti amesahau taulo. Mama mkwe alikuwa uani akianua nguo. Mke alikuwa akifunga madirisha ya chumbani, na nyayo zake zikasikika zikija. Msimamizi akatazama darini kama mtu asiye na hili wala lile, akapeleka mkono nyuma hadi juu ya friji, akapapasa, akapata, akaviringisha kwenye taulo, akashindilia taulo chini kabisa ya begi. Hakuangalia. Hakuona haja ya kuangalia. Vidole vile viliweza kutofautisha unga wa juzi na wa jana kwa kugusa tu, na vilimhakikishia kwamba ile ni simu.

Nyumba ya wageni ilikuwa ya bati, yenye vyumba vinne na baraza linalotazama maji. Chumba chao kilikuwa na vitanda viwili, chandarua kilichoshonwa kwa uzi wa rangi nyingine, na kiti kimoja kilichokuwa na mguu mfupi. Mke alifungua dirisha, akavuta pumzi, akasema amepona. Binti alikwenda moja kwa moja majini kutafuta vijiwe. Msimamizi alisema anataka kuoga.

Alijifungia bafuni, akafungua bomba ili liwe shahidi, akakunjua taulo. Ndani yake mlikuwa na rimoti ya televisheni.

Aliitazama kwa muda. Akaigeuza upande wa pili, ikawa rimoti upande huo pia. Akabonyeza kitufe kimoja, hajui alitarajia nini. Kisha akaiviringisha tena kwenye taulo, kwa uangalifu ule ule, akatoka.

"Mbona hujalowa?" mkewe aliuliza.

"Maji ni ya baridi."

Zilizofuata zilikuwa siku za tabu. Mkono wake wa kulia ulikwenda mfukoni wenyewe, ukakuta hamna kitu, ukarudi, ukasahau, ukaenda tena. Alfajiri aliamka saa ya trei ya kwanza, akakaa barazani ameshika tama, akihesabu kichwani: sasa wanapasha oveni, sasa wanakata, sasa wamepiga picha, sasa wanasubiri. Aliwaona wamesimama wote na makoti yao meupe, wakiitazama simu isiyojibu, na mikate ikipoa, na malori yakinguruma nje bure. Mezani alipoletewa mkate wa nyumba ya wageni aliugeuza, akaugonga chini kwa kidole, akasikiliza. Mpishi alisimama mlangoni akamwangalia. Mke akamwambia mpishi asijali, ni ugonjwa.

Binti alimsalimia asubuhi na kumuaga usiku. "Lala salama, Bosi." Zaidi ya hapo alikuwa na shughuli zake.

Uvumilivu ulipomwishia alimwendea mtunza bustani, mtu mpole aliyekuwa na simu ndogo ya vitufe iliyofungwa kwa mpira. Akamwomba apige mara moja, neno moja tu, dharura. Mtunza bustani akampa. Msimamizi akaishika, akainua kidole, na hapo ndipo alipogundua kwamba hajui namba ya mtu yeyote duniani. Namba zote zilikuwa ndani ya simu yake. Namba pekee aliyoijua kwa kichwa ilikuwa yake mwenyewe.

Akaipiga. Hakuwa na mpango. Ikaita, ikapokewa.

"Haloo," ilisema sauti nzito. "Bosi hayupo. Yuko likizo."

Akajikuta amesimama wima na kofia ameivua, pale pale katikati ya maua.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Wewe ni wa oveni au wa kufungasha?"

"Ni mimi, mama. Mkweo."

"Mkwe wangu si ameacha simu?"

"Nimeiacha, mama. Hii ni ya mtunza bustani."

"Aa. Mjukuu wangu hajambo?"

"Hajambo."

"Mama yake?"

"Hajambo, amelala kidogo."

"Mwache alale, amechoka yule. Haya, unasemaje?"

Msimamizi alipangusa jasho. Mtu hamhoji mama mkwe wake kama anavyomhoji mfanyakazi, hata akiwa na haraka kiasi gani. "Mama, samahani. Hiyo simu… kuna picha zinaingia?"

"Wee! Hazikomi! Nyinyi watu mnaoka!" Sauti ya mama ilichangamka. "Unajua rimoti imepotea? Siku niliyofika niliiweka juu ya friji kwa mikono yangu. Nimepekua nyumba nzima, nimeinua hadi makochi. Televisheni iko pale imenuna. Nikasema basi, nitatazama hii iliyobaki inayolialia. Kumbe ina mikate. Mizuri!"

"Na… umewajibu?"

"Mtu anakuonyesha mkate wake, unyamaze? Nimewawekea dole gumba. Mjukuu alinifundisha."

"Kwenye picha zote?"

"Zote. Kuna moja ilikuwa imeungua pembeni, nikawaandikia poleni."

Msimamizi aliegemea ukuta. Kwa miaka yote ya utawala wake, hakuna mkate ulioungua uliowahi kupewa pole. "Mama," alisema, kwa upole wa mtu anayeshuka ngazi gizani, "naomba sana, usibonyeze tena kitu. Wakituma picha, waache tu wasubiri—"

"Wasubiri nini?"

"Wasubiri mimi."

"Wiki nzima? Mkate?"

Msimamizi alifungua mdomo atafute jibu, na salio la mtunza bustani likaisha.

Alirudi chumbani akakata kauli: ataondoka. Angemwambia mkewe tumbo limemchafuka, au meneja mkuu amepiga, ingawa hakuwa na simu ya kupigiwa. Kila nafsi yenye akili ingemwelewa. Kiwanda kizima kilikuwa mikononi mwa mama mwenye miwani ya kamba aliyepotelewa na rimoti. Akavuta begi, akaanza kurusha nguo ndani, na alipotikisa taulo, kile kitu kikaruka, kikagonga sakafu, kikateleza hadi mlangoni. Kikasimama kwenye miguu ya binti yake.

Mtoto alikiokota. "Bosi," alisema, "hii si rimoti ya nyumbani?"

Msimamizi alitafuta uongo, akaukosa. Alikuwa ametumia uongo wake wote kwenye kuoga. "Ndiyo."

"Umekuja nayo ya nini?"

"Nilidhani ni simu."

Mtoto alifikiri. "Kwa hiyo ulitaka kuiba simu yako mwenyewe."

"Ndiyo."

"Ukaiba rimoti."

"Ndiyo."

"Sasa bibi anatazama nini?"

"Anatazama mikate," alisema baba. "Anawawekea dole."

Mtoto alijizuia, akabana midomo, mashavu yakavimba, kisha akashindwa. Alicheka hadi akakaa chini. Alicheka hadi akashika mbavu, akajaribu kusema "mikate", akashindwa, akacheka upya. Msimamizi alisimama akimtazama na shati mkononi. Hakukumbuka ni lini alimsikia akicheka namna ile, na kitu kilichomchoma zaidi ni kwamba huenda mtoto alikuwa anacheka hivyo kila siku, na yeye ndiye hakuwepo.

Kisha mtoto aliliona begi. Kicheko kikaisha.

"Unarudi?"

"Sijui," alisema baba. "Kazi…"

Mtoto hakulia, wala hakulalamika. Aliinua tu rimoti, akaielekeza kwenye kifua cha baba yake, akabonyeza kitufe chekundu.

"Umezimwa," alisema. Akaondoka na rimoti.

Msimamizi alibaki pale pale, shati mkononi. Angeweza kuendelea kupakia, hakuna aliyemshika. Lakini ilimjia kwamba hilo lilikuwa jambo la kwanza mtoto kumwomba tangu siku ya gauni la njano, na kwamba akisogea, hataombwa tena. Kwa hiyo hakusogea. Mguu ulianza kufa ganzi. Nzi akatua kwenye sikio lake, akamwacha.

Mkewe aliingia akamkuta hivyo. "Mbona umesimama kama mlingoti?"

"Nimezimwa."

Mke alitazama begi, akatazama shati, akamtazama usoni. "Afadhali," alisema, akachukua mkeka wake akaenda kulala barazani.

Baada ya muda mtoto alirudi, akachungulia. Alipokuta baba yake bado amesimama, macho yalimtoka. Akamwasha.

Tangu hapo rimoti ikawa na kazi. Alimwasha asubuhi na kumzima mkono wake ulipokwenda mfukoni. Alimpunguza sauti alipoanza kueleza mambo ya unga mezani, na alimwongeza sauti alipofika mahali patamu. Betri zilitolewa ili zisiishe. Kitufe cha kubadili chaneli kilikuwa ndicho kigumu, maana msimamizi aligundua kwamba ana chaneli moja tu, ya mikate, na mtoto alibonyeza na kubonyeza bila huruma hadi nyingine zikaanza kuonekana. Akatokea mtoto aliyeogopa bata. Akatokea kijana wa magunia aliyesinzia kwenye unga, akaamka mweupe, akaenda nyumbani hivyo hivyo, na mama yake akamfungia mlango akipiga mayowe. "Rudia hiyo," alisema binti, na baba akarudia, na safari ya tatu mke naye akasogeza kiti chenye mguu mfupi akasikiliza, kwa sababu hakuwahi kuisikia.

Naye msimamizi, kwa kukosa cha kutazama, alimtazama mtoto. Aligundua kwamba ana pengo. Aligundua kwamba anapowaza huuma ulimi pembeni, kama bibi yake mzaa baba, aliyekufa kabla hawajaonana. Aligundua kwamba anaogopa maji yanayofika magotini, na kwamba haogopi kusema anaogopa. Msimamizi alikuwa na umri wa kutosha kujua mambo haya yote ya mtu anayekula naye meza moja, na alikuwa anayajua kwa mara ya kwanza. Alfajiri bado aliamka saa ya trei ya kwanza. Alikaa barazani, akaifikiria oveni, na kabla hajamaliza kuifikiria kukawa kumekucha.

Lakini lile jina lilikaa. "Bosi, kaa." "Bosi, shika hiki kijiwe." Alilisikia kila lilipotamkwa, na kila mara lilimkwaruza.

Jioni ya mwisho walikaa wawili kwenye gogo, miguu majini, maji yakiwa chini ya magoti. Alikuwa amezoea kusema mambo mafupi, na hili alilisema refu.

"Ile siku ya gauni la njano, mimi sikuangalia. Nilijibu kama mkate. Sikuona gauni, sikukuona wewe. Mpaka leo ile picha sijaiangalia, naona haya kuifungua. Nisamehe, mwanangu. Lilikuwa zuri?"

Mtoto aliuma ulimi pembeni. "Lilikuwa na mikono ya kupuliza," alisema.

"Tukifika nyumbani utalivaa nilione?"

"Limeshakuwa dogo."

Machozi yalimlenga msimamizi, na hakuwa na pa kuyapeleka, akayaacha yashuke. Mtoto alimwona. Rimoti ilikuwa mapajani mwake na hakuigusa. Wakakaa hivyo hadi mama alipowaita waje wale.

Walirudi nyumbani mchana wa jua kali. Mama mkwe alikuwa kwenye kochi lake, miwani puani, simu mkononi, chaja imenyooshwa kutoka ukutani kama kamba ya mbuzi. Alinyanyua mkono kuwazuia mlangoni.

"Karibuni, karibuni. Subirini kidogo, kuna trei inatoka."

Mke alisimama na begi begani. "Mama, hiyo simu si ilikuwa ya kukaa kimya?"

"Ningefanyaje na rimoti imepotea?"

Mke aligeuza shingo polepole kumtazama mumewe, ambaye alikuwa anatazama juu.

"Ilikuwa na mimi, bibi," alisema binti, akaitoa rimoti kwenye mkoba wake. "Niliichukua ya kuchezea. Samahani."

Mke alimtazama mtoto, akamtazama baba. "Na wewe unaangalia nini huko juu?"

"Dari," alisema msimamizi.

"Nyinyi wawili," alisema mke, akaenda kufungua madirisha. Alikuwa akitabasamu, lakini alihakikisha amewapa mgongo kwanza.

Msimamizi alipokea simu yake kwa mikono miwili, kama inavyopaswa kupokea kitu kwa mkwe, akaenda kukaa nayo jikoni. Alijiandaa kwa maafa. Akaanza juu akashuka. Trei, dole. Trei, dole. Trei, "Hongereni wanangu." Trei iliyoungua, "Poleni sana, moto hauna adabu." Mchana mmoja, bila picha yoyote kutumwa, mama mkwe alikuwa ameandika: "Mmekula?" Kulikuwa na ukimya mrefu baada ya hapo. Kisha mmoja akajibu, "Bado, Bosi." Naye: "Nendeni mkale."

Mahali pengine mkuu wa zamu alikuwa ameuliza: "Bosi, oveni ya pili inachelewa kushika moto, tufanye nini?" Jibu likawa: "Nyinyi mnaonaje?" Na wale watu, ambao kwa miaka hawakuwahi kumwandikia zaidi ya "Bosi angalia", waliandika. Waliandika wote, wakabishana, mmoja akasema mlango haukazi, mwingine akasema ameusema hilo tangu zamani, wakaufungua, wakaukaza. Chini yake mama mkwe aliweka dole, na ua.

Aliitazama mikate yenyewe kwa jicho la mpishi. Ilikuwa mizuri. Alipanua picha, akatafuta kasoro pembeni na chini na kwenye mgongo wa mkate. Ilikuwa mizuri vile vile. Alifurahi na akaumia kwa pamoja, akakaa pale jikoni bila kujua aanze na lipi. Kisha akatoka kwenye kundi, akaingia kwenye ujumbe wa mkewe, akarudi nyuma hadi kwenye ile picha aliyoionea haya, akaifungua. Gauni lilikuwa na mikono ya kupuliza. Mtoto ndani yake alikuwa anatabasamu kwa mdomo mzima, na meno yote yalikuwepo.

Kiwandani walimpokea kama mtu aliyetoka hospitali akiwa mzima.

"Bosi, likizo imekukaa," alisema mkuu wa zamu. "Unajua hatukuamini? Tulisema hatutapumua, tutaulizwa kila dakika. Badala yake ukatuachia. Ukatuuliza mpaka kama tumekula."

Msimamizi alifungua mdomo aseme ukweli. Ukweli ulikuwa na mama mkwe, taulo, na mtunza bustani, na nyuso zote zile zilikuwa zinamtazama kwa upendo ambao hakuwahi kuuona mahali hapo. "Mlikuwa hamjala?" aliuliza.

"Siku ile? Hapana."

"Na leo?"

Wakatazamana. "Leo tumekula," alisema mkuu wa zamu. "Wewe?"

"Sijala," alisema msimamizi, naye akashangaa kusikia hivyo.

Jioni aliporudi alimkuta mama mkwe amefunga mizigo, nayo iko mlangoni, lakini mwenyewe yuko kwenye kochi na hana dalili ya kuinuka. Televisheni ilikuwa inawaka na hakuna aliyeitazama. Msimamizi alichuchumaa mbele yake, akamnyooshea ile simu.

"Mama, nikiwa kazini nitawaangalia mwenyewe kwa macho. Nikishavuka ule mlango, nakuomba uendelee nao wewe."

Mama mkwe alivaa miwani bila haraka. "Nilikuwa najiuliza utasema lini," alisema. "Kuna yule wa kufungasha ana mtoto anaumwa, hajaniambia amefikia wapi." Mizigo ikarudishwa chumbani. Mke alipouliza mama anakaa hadi lini, mama alisema hawezi kuondoka katikati ya kazi.

Siku nyingi baadaye, jioni moja ya kawaida, msimamizi alikuwa amekaa sakafuni sebuleni akikata karatasi za njano kwa mkasi, vibaya, kwa ajili ya kazi ya shule ambayo ilipaswa kuwa jua. Binti yake alikuwa amekaa karibu naye akisahihisha. Mezani simu ikalia, ikalia tena. Mtoto akaruka, akaichukua, akaangalia picha.

"Bosi!" aliita kwa sauti.

Msimamizi, kwa mazoea ya miaka, aliinua kichwa, mkasi mkononi. "Naam?"

"Si wewe, Baba," alisema mtoto, akimpita na simu kuelekea jikoni. "Namwita bibi."